Umeme Ukikatika: Lugha ya Kijitabu cha Usalama wa Umeme Majumbani

Miongoni mwa maandishi yaliyoletwa mezani petu hivi karibuni ili yakaguliwe lugha, kimo kijitabu kimoja kilichofasiriwa kutoka katika Kiingereza, nacho kimepewa jina la "Usalama na Matengenezo ya Umeme kwa Mwenye Nyumba". Ofisi iliyokileta hatutaitaja, na mfasiri wake hatumjui. Wala si neno, kwa kuwa makosa tutakayoyaeleza hapa si ya mtu mmoja. Ni makosa ambayo sote tuifanyao kazi hii tumekwisha kuyafanya, na mengine tumeyapitisha kwa mikono yetu wenyewe bila ya kuyatia shaka.

Aghalabu istilahi ikikosewa hasara yake huwa ndogo. Mwanafunzi hukwama katika mtihani, karani hurudisha barua kuomba ufafanuzi, na wajuzi hucheka kidogo. Kijitabu hiki ni jambo jingine. Mtu aliyeshika bisibisi kwa mkono mmoja na kijitabu kwa mkono wa pili hana nafasi ya kuomba ufafanuzi. Umeme uingiao katika nyumba zetu ni wa volti 230, na neno lililomfikia msomaji ndilo atakalolitenda. Kwa hiyo tumekisoma kijitabu hiki kwa ukali kuliko ada yetu, na twataraji mfasiri atatuwia radhi.

Tuanze na jina lenyewe, maana limekwisha kukosewa mara mbili.

"Mwenye nyumba", kwa Kiingereza alichokuwa akikifasiri mwandishi, ni mtu amilikiye nyumba na kukaa ndani yake. Kwa Kiswahili cha mijini mwenye nyumba ni yule apokeaye kodi. Yamkini hakai hapo, na pengine hata mji huo hakai. Katika nyumba ya vyumba sita na ukumbi katikati, mwenye nyumba ni mmoja na wapangaji ni kaya tano au sita. Hao ndio wanaochomeka pasi, birika na jokofu katika soketi moja, na hao ndio wanaopitisha waya chini ya mkeka kutoka chumba hiki hadi kile. Mpangaji akikiona kijitabu chenye jina hilo atakiweka pembeni, aseme hayo ni ya mwenye nyumba na akija apewe. Basi wale ambao kijitabu kiliandikwa kwa ajili yao wamefukuzwa mlangoni. Kama mfasiri angeandika "Usalama wa Umeme Nyumbani" tu, asitaje mwenyewe ni nani, angekuwa amefasiri vizuri zaidi kwa kuacha neno kuliko kwa kulifasiri.

Kosa la pili ni "matengenezo". Asili yake ni neno la Kiingereza lenye maana ya kukitunza kitu kisiharibike. Matengenezo, masikioni mwa watu wengi, ni kukirudisha katika hali yake kitu kilichokwisha kuharibika. Gari hupelekwa matengenezo likiisha kugoma. Ukikisoma kijitabu hiki hadi mwisho utaona kwamba hakimtaki mkaaji atengeneze chochote. Kinamtaka atazame kama waya umechubuka, anuse harufu ya plastiki inayoungua, atambue plagi inayopata joto, abonyeze kitufe cha majaribio, na akiona lolote asilolielewa amwite fundi mwenye leseni, ambayo kwa Tanzania Bara hutolewa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji. Hayo ni matunzo. Jina la jalada linamwalika kwenye bisibisi, na kurasa za ndani zinamkataza.

Sasa twende kwenye sentensi iliyotufanya tuandike makala haya. Imo karibu na mwanzo, imepigwa mstari, na imerudiwa mara tatu: "Hakikisha umeme umekatika kabla ya kugusa nyaya."

Kisarufi haina ila. Msahihishaji wa shule angeipa alama zote. Lakini itazameni kauli ya kitenzi. "Katika" ni kauli ya kutendeka, nayo haina mtenda. Kamba hukatika, mvua hukatika, na umeme, kwa Kiswahili cha kila siku cha Dar es Salaam, Tanga au Unguja, hukatika pale unapokwenda zake kwa sababu zilizo nje ya nyumba yako. "Umeme umekatika" ndilo neno la mtu aliyeketi gizani. Mwandishi wa Kiingereza alikusudia kwamba msomaji mwenyewe auzime kwenye swichi kuu, tena ahakikishe kwa kupima. Mfasiri ameondoa mkono wa mtu katika sentensi, na badala yake ameacha majaliwa.

Tulimsomea sentensi hiyo mama mmoja mpangaji, mtu mzima, auzaye barafu kwa watoto wa mtaani kwake, tukamwuliza atafanyaje iwapo soketi yake imelegea. Akatujibu: "Nitangoja ukatike, wanangu. Si hukatika wenyewe?"

Jibu lake ni sahihi kabisa kwa mujibu wa kijitabu. Wala si jibu la mjinga. Ni la mtu aliyesoma Kiswahili kilichoandikwa badala ya Kiingereza kilichofichwa nyuma yake. Waliokuwako Tanzania Bara wakati wa mgao wa mwaka 2006 na ule wa 2011, na waliokuwako Unguja mwaka 2008, umeme utokao Bara kwa waya wa chini ya bahari ulipokoma kwa muda wa mwezi hivi, wanaelewa jinsi watu walivyoyageuza masaa ya giza kuwa masaa ya kazi ndogo ndogo za nyumbani. Umeme uliokatika hurudi bila ya kubisha hodi. Anayeurudisha yuko mbali, na hajui kwamba wewe umeshika nini.

Tena siku hizi iko njia nyingine ya kukatika isiyokuwamo katika fikra za mwandishi wa Kiingereza. Katika nyumba zenye mita za LUKU umeme "huisha". Wapangaji wanaochangia mita moja hungojana nani anunue. Mmoja akiona taa zimezimika na zamu si yake, huweza kusema huu ndio wakati wa kulifunga lile tundu la soketi. Na wakati huohuo jirani yake ukumbini anabonyeza tarakimu alizotumiwa kwenye simu. Hakuna aliyefanya kosa. Kila mmoja amefuata Kiswahili chake.

Je, tuseme "umekatwa"? Kauli ya kutendwa ina mtenda, lakini kwa bahati mbaya mtenda huyo kwetu ni afisa aliyekuja na ngazi kwa sababu ya deni. "Kukatiwa umeme" kumekwisha kupata maana yake, nayo ni ya aibu ya mtaani. Ndiyo maana twashauri kwamba hapa lisitafutwe neno moja la kubeba maana yote. Yaandikwe matendo, kwa mfuatano, na mtenda awe msomaji: zima swichi kuu wewe mwenyewe, waambie walio nyumbani kwamba umeizima na wasiiguse, kisha pima kwa testa, baada ya kuijaribu testa yenyewe mahali penye umeme ili ujue ni nzima. Na baada ya hayo iongezwe sentensi moja ambayo katika Kiingereza haimo, kwa kuwa kule haikuhitajika: hata kama umeme umekatika au umeisha, zima swichi kuu vilevile. Mfasiri anayeona haya kuongeza sentensi isiyokuwamo katika asili na akumbuke kwamba asili haikuandikwa kwa ajili ya mama yule wa barafu.

Kutoka hapo kijitabu kinaingia katika "waya hai" na "waya mfu". Hatukujizuia kucheka, na baada ya kucheka tukaona hatari yake. Kiswahili hakina shida na vitu kufa. Redio hufa, saa hufa, injini ya gari hufa. Lakini kufa kwa chombo ni kuharibika kwake. Chombo kilichozimwa hakijafa. Msomaji akiambiwa kwamba waya ni mfu atafahamu kuwa umekatika kwa ndani, haufanyi kazi tena, na taa yake haiwaki. Na waya wa namna hiyo huenda bado una umeme hadi pale ulipokatikia. Kwa hiyo neno lililokusudiwa kumaanisha salama linamwelekeza mtu kwenye kitu kisichokuwa salama.

Mafundi wetu husema "waya wa moto", na wengi wao wakisema "una moto" wana maana kwamba una umeme. Wako wenzetu wanaolikataa neno hili kwa hoja kwamba litamfanya msomaji aupime waya kwa kuugusa aone kama una joto. Hoja hiyo ina uzito, lakini inachanganya mambo mawili ambayo Kiingereza huyaita kwa neno moja, nasi hatulazimiki kuyaita hivyo. La kwanza ni jina la waya: upo waya uletao umeme kutoka kwenye mita, na upo urudishao. La pili ni hali ya waya kwa wakati huo. Waya wa moto, swichi kuu ikizimwa, hauna umeme. Waya wa nyutro, kukiwa na kasoro mahali, waweza kuwa nao. Twapendekeza "waya wa moto" libaki kuwa jina, na hali ielezwe kwa maneno mepesi yasiyohitaji kamusi: una umeme, hauna umeme. Si istilahi hata kidogo, na ndiyo sifa yake. Kiswahili kiliuchukua umeme pamoja na maneno ya moto, tukasema kuwasha na kuzima, na hakuna aliyewahi kuhitaji semina ili aelewe. Hata ndugu zetu wa Kenya waliosema "stima", neno lililoanzia kwenye mvuke, huiwasha na kuizima vilevile.

Ukurasa wa rangi ulitushughulisha kuliko tulivyotazamia, na hapa lawama si ya mfasiri peke yake.

Nyumba nyingi za Afrika Mashariki zilitandazwa nyaya kwa taratibu za Uingereza: mwekundu ni wa moto, mweusi ni wa nyutro, na wa kijani huelekea ardhini. Kwa nyaya nyororo za vyombo Waingereza walibadili rangi mapema miaka ya 1970, na kwa nyaya za ukutani walianza mwaka 2004, wakazilazimisha rangi mpya tangu Aprili 2006. Kwa utaratibu mpya waya wa moto ni wa kahawia, wa nyutro ni wa buluu, na wa ardhini una michirizi ya kijani na njano. Katika mfumo wa nyaya tatu za moto, ambao hutumika kwenye majengo makubwa na viwandani, zamani zilikuwa nyekundu, njano na buluu, pamoja na nyeusi ya nyutro. Sasa ni kahawia, nyeusi na kijivu. Msomaji makini amekwisha kuona balaa lililopo. Buluu iliyokuwa ya moto imekuwa ya nyutro, na nyeusi iliyokuwa ya nyutro yaweza kuwa ya moto. Taratibu zote mbili zimo katika nyumba zetu, na pengine katika nyumba moja, chumba cha zamani na chumba kilichoongezwa.

Kijitabu kinatoa rangi mpya peke yake, kama kwamba nyumba zote zimejengwa jana. Tena kinaiita kahawia "hudhurungi". Tuliwauliza watu kadhaa hudhurungi ni rangi gani. Walimu wawili walijua. Kijana mmoja wa duka la vifaa vya umeme, anayeuza waya huo kila siku, alisema ni zambarau. Hatuna ugomvi na hudhurungi. Ni neno zuri na litadumu katika ushairi. Lakini katika lugha ya wazee wetu weupe, weusi na wekundu ndio walioigawana dunia, na kitu cha rangi ya kahawia kiliitwa chekundu au cheusi kwa kadiri ya kukolea kwake. Kati ya mwekundu na mweusi, kwa utaratibu wa zamani, ndimo ulimo uhai wa mtu. Iandikwe "rangi ya kahawa", na pembeni ichorwe.

Liko jingine, dogo kwa macho. Mfasiri ameandika "waya wa kijani/njano", akifuata mkwaju wa asili. Katika maandishi yetu ya kiofisi mkwaju ni "au": Bwana/Bibi, ndiyo/hapana. Kwa hiyo msomaji ataelewa kwamba waya wa kinga ni wa kijani au wa njano, na waya wa njano tupu, kama tulivyosema hivi punde, katika mfumo wa zamani ni wa moto. Neno "na" lina herufi mbili tu. Lingemgharimu mfasiri nini?

Sasa tuje kwenye "shoti", neno ambalo baadhi ya wasomaji wetu wametuandikia mara kwa mara wakitaka lipigwe marufuku. Wazee walilijua kwa mwendo wa farasi aendaye mbio, lakini siku hizi limehamia mtaani na kuchukua kazi mbili kwa mshahara mmoja. Nyaya mbili zikigusana pasipostahili, hiyo ni shoti. Mtu akigusa umeme, naye "amepigwa shoti". Matukio haya mawili hayafanani. La kwanza hupitisha mkondo mkubwa mno katika waya, fyuzi hukata, na kama haikukata waya huwaka. La pili hupitisha mkondo mdogo sana katika mwili, na fyuzi haina habari. Kijitabu kinaandika, "Fyuzi hukulinda na shoti." Kwa maana ya kwanza ni kweli. Kwa maana ya pili ni uongo, na ni uongo wa kuua.

Tutazame hesabu. Fyuzi ya plagi ya kawaida ni ya ampea 13, yaani miliampea 13,000. Mkondo wa miliampea 10 hivi watosha kuyakaza misuli ya mkono hata mtu asiweze kuachia, na si lazima ufike hata ampea moja ndipo moyo uvurugike mapigo. Mtu huweza kufa mbele ya fyuzi nzima, isiyoungua wala kupata joto. Kwa hiyo "shoti" kuwa na maana mbili si suala la usafi wa lugha wanaoulilia wale wenzetu. Ni suala la kumwambia mtu amelindwa ilhali hakulindwa.

Wengine wamependekeza "saketi fupi" kwa tukio la kwanza. Hatulipendi. Ufupi hauhusiani na jambo hili kwa masikio ya asiyejua fizikia, na mtu mwenye waya mrefu atadhani yamepita kando yake. Mafundi husema "nyaya zimegusana", na hilo latosha. Likitakiwa jina, "mgusano wa nyaya" halina taabu. Kwa mtu, tuna hazina ambayo mfasiri ameipita bila ya kuiangalia. Kiswahili husema mtu amepigwa na umeme, amerushwa na umeme, amenaswa na umeme. Haya si maneno matatu ya jambo moja. Aliyerushwa ametupwa kando, na kuumia kwake huenda kukawa ni kwa kuanguka. Aliyenaswa bado ameshika, kama ndege katika ulimbo, na atakayemshika kumvuta naye atanasa. Kitenzi hiki kinabeba onyo la msaada wa kwanza ndani yake: usimguse, zima swichi kwanza. Kijitabu kimetumia mistari minne kueleza kwamba misuli hushindwa kulegea, kwa Kiswahili kizito cha kitabu cha tiba, nacho kilikuwa na neno moja mlangoni likingoja kualikwa.

Mintarafu ya "hitilafu ya umeme", ambayo magazeti yetu huiweka chini ya kila habari ya nyumba iliyoungua, tuna machache. Neno hili limekuwa zulia la kufunikia. Kiungo kilicholegea, waya mwembamba uliobebeshwa mzigo mzito, panya aliyeguguna plastiki, fundi asiye na leseni, vyote vimelala chini yake, na umeme ndio unaobeba lawama. Kijitabu kinalitumia mara nyingi kuliko tulivyojali kuhesabu. Mahali pamoja tu ndipo kinapotoa sababu na kipimo: birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,000 kwa pamoja, katika soketi moja, huvuta ampea 13 na ushei, yaani mpaka wa plagi umekwisha kufikiwa kabla ya kuongezwa hata chaja ya simu. Ukurasa huo ni mzuri sana. Laiti mfasiri asingemalizia kwa kusema "usipakie soketi", kana kwamba ni lori.

Cha kushangaza ni kwamba hitilafu, kwa maana yake ya awali ya tofauti, ingemfaa mahali asipoitumia. Kipo kifaa kinacholinganisha mkondo uendao na mkondo urudio, na tofauti baina yao ikifika kiwango chake, ambacho kwa vifaa vya kumlinda mtu ni miliampea 30, hukata umeme katika sehemu ndogo ya sekunde, kwa kuwa mkondo uliopungua huenda unapita mwilini mwa mtu. Hiki ndicho kinachofanya ile kazi ambayo fyuzi imesingiziwa. Mfasiri amekiita "kifaa cha mkondo wa mabaki". Mabaki ni ya chakula. Tusomapo hivyo twadhani ni kifaa cha kubania matumizi, na mwenye kujenga akitafuta pa kupunguza gharama atakiondoa hicho kwanza. Kwa vile umeme unaopotea njiani mafundi husema "unavuja", twapendekeza "kikata-mvujo". Na "kivunja-saketi" nacho kirudi kilikotoka. Wauzaji na mafundi husema sakiti breka, na hakuna aliyevunja kitu.

Juu ya fyuzi, neno moja tu. Tunasema "imeungua", na kijitabu kinasema hivyo. Kilichoungua ni kibovu, na kibovu hubadilishwa kwa kilicho imara zaidi; ndipo mtu huweka uzi wa waya mnene mahali pa fyuzi akijisifu kwamba sasa haitaungua tena. Tungesema fyuzi "imekata", angalau msomaji angejiuliza imekata kwa nini.

Limebaki la mwisho, na hili tunakiri limetushinda. Mfasiri ameandika "waya wa dunia" na "tundu la dunia". Hatutapoteza wino kulipinga. Lakini tukimwambia aandike "waya wa ardhini", wasomaji wengi watadhani ni waya uliofukiwa, kama ule upitao chini ya barabara. "Waya wa ardhi" una harufu ya viwanja na hati. "Athi", kama wasemavyo mafundi, halimwambii asiye fundi kitu chochote. Na si neno la kupuuza, kwa maana hapa ndipo mazoea yetu yalipo mabaya kuliko pote. Soketi za matundu matatu ya pembe nne zina vizibo ndani, na jino refu la plagi ndilo livifunguavyo. Wenye plagi ya meno mawili wamejifunza kuchokoa tundu la juu kwa kijiti au kwa kalamu ili vizibo vifunguke. Na wenye plagi ya meno matatu isiyoingia ukutani wamelikata jino la tatu, kwa kuwa chombo hufanya kazi bila yake. Hulitendea hivyo kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia kwa Kiswahili kazi ya tundu lile: kwamba siku mwili wa chuma wa jokofu au pasi utakapopata umeme, njia hiyo ndiyo itakayoupeleka ardhini na kuifanya fyuzi ikate, badala ya kungoja mkono wa mtu.

Katika kikao chetu lilitajwa "waya wa kinga". Waliolipenda walisema linataja kazi badala ya mahali. Waliolipinga walisema kinga yaweza kufahamika kuwa ni ule mpira unaouvika waya, na mtu akaona waya wowote wenye mpira mzima unao kinga yake. Hoja zote mbili zina haki, na hatukufikia uamuzi. Kijitabu tumekirudisha na masahihisho yetu, tukaiacha nafasi ya neno hili tupu, kwa kalamu ya risasi. Walimu wa ufundi na wafasiri walio karibu na mafundi wanaombwa watuandikie kabla ya toleo lijalo, nasi tutafurahi zaidi kama watakuwa wamelijaribu neno lao kwa mtu ambaye jino la plagi yake limekatwa.